Kutoka digrii ya Afrika Mashariki hadi mwalimu wa shule ya kati Marekani: mwongozo kamili wa masta na leseni

Swali ninaloulizwa kuliko yote na ndugu zetu walioko Marekani ni hili: "Nimemaliza masta ya elimu, nimevaa joho, mbona wilaya ya shule inasema haiwezi kuniajiri?" Jibu huwa ni lile lile. Kinachokuruhusu kufundisha kwenye shule ya umma ni leseni ya jimbo, na masta nyingi za elimu hazielekei kwenye leseni hata kidogo. Watu wanalipa maelfu ya dola kabla ya kulijua hilo, na linaniuma kila ninapolisikia.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye shahada ya kwanza kutoka Dar, Nairobi, Kampala, Lubumbashi au kwingineko kwetu, anayeishi Marekani kwa uraia, green card au hadhi ya ukimbizi, na anayetaka kufundisha shule ya kati. Hiyo kwa kawaida ni darasa la 6 hadi la 8, watoto wa miaka 11 hadi 14. Mifano mingi nimeichukua Kentucky, kwa kuwa Louisville na Lexington zina wasemaji wengi wa Kiswahili. Ukiwa jimbo lingine, mpangilio wa hatua haubadiliki. Kinachobadilika ni namba na majina ya mitihani.

Uko kwa viza ya mwanafunzi, F-1? Soma, lakini ujue kwamba ukihitimu unapata kibali cha kazi cha miezi 12. Masta za ualimu kwa kawaida hazina ile nyongeza ya miezi 24 wanayopata watu wa sayansi na teknolojia. Baada ya hapo unamtegemea mwajiri akudhamini. Kaa na ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla hujafika Hatua ya 3.

Na kama ulisomea ualimu nyumbani, yaani una B.Ed. au digrii yenye somo na ualimu pamoja, simama hapa kwanza. Katika majimbo mengi leseni ya kuanzia inadai shahada ya kwanza pamoja na mafunzo ya ualimu. Masta si sharti. Iandikie bodi ya leseni ya jimbo lako uulize kama mafunzo yako ya nje yanaweza kutambuliwa moja kwa moja. Wengine wamejikuta wanahitaji mitihani tu. Masta inamfaa zaidi mwenye digrii ya uchumi, kilimo, biolojia, uhandisi au lugha ambaye hajawahi kusomea ualimu, kwa sababu inampa mafunzo na leseni kwa mkupuo mmoja.

## Vitu vya kuwa navyo mezani kabla ya kuanza

- Cheti cha shahada na transkripti rasmi, pamoja na mawasiliano ya ofisi ya msajili wa chuo chako. Utamhitaji atume nakala moja kwa moja.
- Vyeti vya sekondari: cha kidato cha nne na cha sita kwa Tanzania na Uganda, KCSE kwa Kenya, Diplôme d'État kwa Kongo.
- Tafsiri zilizothibitishwa za kila hati iliyo kwa Kifaransa. Usijitafsirie mwenyewe, hata kama Kifaransa chako kimenyooka.
- Hati za uhamiaji na kadi ya Social Security.
- Cheti cha tabia njema kutoka nyumbani. Kenya kinatolewa na DCI, Tanzania na Jeshi la Polisi. Si kila jimbo litakidai, ila kikidaiwa huwa ni kwa haraka.
- Watu watatu wa kukuandikia barua, angalau mmoja aliyekuona ukiwa na watoto: madrasa, kanisani, masomo ya ziada, timu ya mpira.
- Akiba. Tathmini ya vyeti hugharimu mara nyingi kati ya dola 100 na 300, na kuna ada za maombi, mitihani na alama za vidole. Ushauri wangu ni kutenga dola 1,000 mbali kabisa na ada ya chuo.

Muda wa kweli, tangu kukusanya hati hadi kusimama darasani na leseni kamili, ni miaka miwili hadi mitatu.

### Onyo la majina

Hili limewakwamisha watu wengi kuliko hisabati. Cheti cha kidato cha nne kina majina matatu, transkripti ina mawili, green card imeyageuza, na dada aliyeolewa ana jina la nne. Mtathmini akiona majina yasiyolingana anasimamisha faili, na bodi ya leseni hivyo hivyo.

Andika majina yako kama yalivyo kwenye kila hati, hati kwa hati. Kama hayalingani, tengeneza kiapo cha majina mbele ya notary na ukiambatanishe kila mahali pamoja na cheti cha ndoa kama kipo. Fanya hivi kabla ya kutuma chochote.

## Hatua ya 1: Chagua jimbo, ngazi na somo. Chuo baadaye

Marekani haina leseni moja ya taifa. Kila jimbo lina bodi yake na linagawa madarasa litakavyo. Kentucky leseni ya shule ya kati ni darasa la 5 hadi la 9, Georgia la 4 hadi la 8, North Carolina la 6 hadi la 9. Ukisoma masta iliyojengwa kwa jimbo moja kisha ukahamia lingine, unaweza kuambiwa urudie mitihani au uongeze masomo. Basi amua kwanza utaishi wapi kwa miaka mitano ijayo.

Fungua tovuti ya bodi ya jimbo. Kentucky inaitwa Education Professional Standards Board, Georgia ni Georgia Professional Standards Commission. Chapisha ukurasa wa masharti ya leseni ya shule ya kati na uuweke kwenye faili. Ukurasa huo ndio utakaokuongoza, kuliko maneno ya mtu yeyote, mimi nikiwemo.

Kisha somo. Shule ya kati ina manne makubwa: hisabati, sayansi, Kiingereza na masomo ya jamii. Usichague kwa mapenzi peke yake. Chukua transkripti uhesabu umesoma kozi ngapi za somo hilo. Aliyesoma uchumi au takwimu ana hisabati nyingi kuliko anavyodhani. Aliyesoma kilimo au mazingira ana sayansi. Aliyesoma Kiswahili na isimu ana kazi zaidi kidogo, kwani kozi za fasihi ya Kiswahili hazihesabiwi kirahisi kama Kiingereza. Huyo aulize kuhusu idhini ya kufundisha Kiingereza kwa wageni, mahali ambapo kozi za isimu zina thamani kubwa. Kama masomo mawili yanalingana kwako, chukua hisabati au sayansi. Uhaba wa walimu uko huko, na baadhi ya misaada ya fedha inalenga huko.

Utajua umefaulu ukiweza kuandika kwa sentensi moja: "Nataka leseni ya Kentucky, darasa la 5 hadi la 9, hisabati, na mitihani inayotakiwa ni hii na hii."

## Hatua ya 2: Tathmini ya vyeti

Hapa ndipo watu wanakwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chuo cha Marekani hakisomi transkripti ya Makerere au ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam peke yake. Kinataka kampuni ya tathmini ieleze digrii yako inalingana na nini. Kampuni zinazokubalika zaidi ni wanachama wa umoja unaoitwa NACES. WES na ECE ni miongoni mwao. Lakini usikimbilie yoyote. Kiandikie chuo na bodi ya leseni uulize wanakubali kampuni zipi, kwa sababu wapo wanaokubali orodha fupi tu, na kurudia tathmini ni kulipa upya.

Agiza tathmini ya kozi kwa kozi. Ile ya bei nafuu, inayosema tu "ana shahada ya kwanza", haionyeshi krediti (uzito wa kozi) za kila somo wala wastani, na bila hivyo chuo hakiwezi kujua kama una hisabati ya kutosha.

### Hesabu ya miaka 16

Mmarekani anasoma miaka 12 ya shule na 4 ya chuo, jumla 16. Fanya hesabu yako kabla mtathmini hajaifanya.

Mkenya wa 8-4-4 ana 16 sawasawa, hana tatizo. Mtanzania na Mganda wana 7 ya msingi, 4 ya sekondari, 2 ya kidato cha tano na sita, halafu 3 ya chuo. Hiyo nayo ni 16. Lakini ukituma transkripti ya chuo peke yake, mtathmini anaona digrii ya miaka 3, na kampuni nyingine zitaandika kwamba hujafikisha shahada kamili. Tuma cheti cha kidato cha sita pamoja na cha nne hata kama hujaombwa. Kampuni hazina msimamo mmoja juu ya digrii za miaka 3, hivyo ziulize kwa barua pepe kabla ya kulipa: "Digrii ya miaka 3 ya Tanzania baada ya kidato cha sita mnaihesabu vipi?" Hifadhi jibu lao.

Mkongomani wa mfumo wa zamani mwenye graduat ya miaka 3 na licence ya miaka 2 amevuka 16. Mwenye graduat peke yake ana 15, na mara nyingi atatakiwa kukamilisha shahada ya kwanza hapa kabla ya masta. Ni habari ngumu, lakini ni heri kuijua leo kuliko baada ya kulipa ada tatu za maombi.

### Alama zako si mbaya kama zinavyoonekana

Nairobi alama 65 kwa mia ni B. Marekani 65 ni D. Dar es Salaam wastani unahesabiwa kwa kipimo cha 5, Marekani kwa kipimo cha 4. Usijaze fomu ya maombi kwa kujikadiria wala kwa kunakili namba ya nyumbani; andika wastani uliotolewa na mtathmini. Kama fomu inakulazimisha kujaza kabla ripoti haijatoka, waandikie udahili uwaulize. Kentucky kanuni za kuingia programu ya ualimu zimekuwa zikitaka wastani wa 2.75, au 3.00 katika krediti 30 za mwisho. Kipengele hicho cha pili kinamwokoa mtu aliyeanza chuo vibaya akamaliza vizuri, na wengi hawajui kwamba kipo.

Hati lazima zitumwe na chuo chako moja kwa moja, kwa bahasha iliyofungwa au kwa mfumo wa kielektroniki. Matokeo ya KCSE yanathibitishwa kupitia mfumo wa QMIS wa KNEC, na ya Tanzania kupitia NECTA. Usisubiri barua pepe zijibiwe. Tafuta ndugu au rafiki aliye mjini, mpe barua ya idhini na nakala ya kitambulisho chako, aende ofisini kwa msajili kwa miguu yake.

Utajua umefaulu ukipata ripoti inayosema digrii yako ni sawa na shahada ya kwanza ya Marekani, yenye krediti na wastani wa kipimo cha 4.

## Hatua ya 3: Chagua masta inayotoa leseni

Kuna majina mawili yanayofanana. MAT, yaani Master of Arts in Teaching, kwa kawaida imejengwa kwa mtu ambaye bado si mwalimu. Ndani yake kuna mafunzo darasani na mwisho wake ni leseni. M.Ed., yaani Master of Education, mara nyingi ni ya mwalimu ambaye tayari ana leseni na anataka kupanda ngazi au kuhamia uongozi. Zipo M.Ed. zinazotoa leseni pia, kwa hiyo jina pekee halitoshi. Wale wanaoniuliza lile swali la mwanzo, wengi wao walisoma M.Ed. ya uongozi au ya mitaala kwa mtandao, bila saa hata moja ya mazoezi ya kufundisha.

Andikia kila chuo maswali haya, na udai jibu la maandishi:

1. Je, programu hii inaelekea kwenye leseni ya kwanza ya ualimu, madarasa haya na somo hili, katika jimbo ninaloishi?
2. Je, imeidhinishwa na bodi ya leseni ya jimbo langu?
3. Mazoezi ya kufundisha nitayafanyia wapi, na nani ananitafutia shule?
4. Je, kuna njia ya kufundisha kwa mshahara huku nikisoma?

Swali la kwanza wana wajibu wa kulijibu, kwa sababu kanuni za serikali ya shirikisho zinakitaka chuo kieleze wazi kama programu yake inatimiza masharti ya leseni ya jimbo la mwanafunzi. Ofisa udahili akikujibu kwa maneno mengi yasiyo na ndiyo wala hapana, hilo lenyewe ni jibu.

MAT nyingi ni krediti 30 hadi 45, mwaka mmoja hadi miwili. Kuhusu gharama, chuo cha umma cha jimbo unaloishi karibu kila mara ni nafuu, lakini hadhi ya ukaazi kwa kawaida inadai uwe umeishi hapo miezi 12. Kama umehamia juzi, kusubiri kidogo kunaweza kukuokolea fedha nyingi. Wakati huo fanya kazi shuleni kama msaidizi wa mwalimu. Kazi hiyo inakuzoesha watoto wa Kimarekani kabla hujapewa alama juu yao, na inakupa mtu wa kukuandikia barua.

Utajua umefaulu ukiwa na barua pepe ya chuo inayotaja jimbo, madarasa na somo lako kwa jina.

## Hatua ya 4: Ziba mapengo

Chuo kitapitia ripoti yako na kusema unapungukiwa kozi fulani, labda jiometri, labda historia ya Marekani. Zisome katika chuo cha jamii (community college); ni nafuu na madarasa ya jioni yapo. Lakini kabla ya kujiandikisha, pata idhini ya maandishi kwamba kozi hiyo yenye namba hiyo itakubaliwa.

Mtihani wa Kiingereza, TOEFL au IELTS, unaweza kusamehewa ikiwa chuo chako kilifundisha kwa Kiingereza. Omba barua ya msajili inayosema hivyo, siku ile ile unayoomba transkripti.

## Hatua ya 5: Fedha

Raia, mwenye green card, mkimbizi na aliyepewa hifadhi wanaweza kujaza FAFSA, fomu ya msaada wa serikali ya shirikisho. Ijaze mapema.

Kwa masta, msaada mkubwa ni mkopo. Sheria iliyopitishwa 2025 imefuta mkopo wa Grad PLUS kwa wakopaji wapya kuanzia 1 Julai 2026. Kinachobaki kwa masta ya kawaida ni hadi dola 20,500 kwa mwaka na dola 100,000 kwa jumla. Usifuate ushauri wa mtu aliyesoma miaka ya nyuma akakuambia kwamba utakopa gharama zote, kodi ya nyumba ikiwemo.

Kuna TEACH Grant, hadi dola 4,000 kwa mwaka kisheria, ingawa kiasi halisi hupunguzwa kidogo. Inaitwa ruzuku, na watu huisaini kwa furaha. Soma masharti yake: ndani ya miaka 8 baada ya kumaliza lazima ufundishe miaka 4 kamili, katika somo lenye uhaba, katika shule ya watoto wa kipato cha chini, na uwasilishe uthibitisho kila mwaka. Ukikosa, inageuka mkopo, na riba inahesabiwa tangu siku uliyopokea pesa. Kwa mwalimu wa hisabati au sayansi anayekusudia kweli kufundisha shule hizo, ni msaada mzuri sana. Kwa mwingine yeyote ni deni linalosubiri siku yake.

Mwalimu wa hisabati au sayansi wa ngazi ya sekondari aliyekaa miaka 5 mfululizo katika shule ya kipato cha chini anaweza pia kusamehewa hadi dola 17,500 za mkopo. Masomo mengine, ukiacha elimu maalumu, ni hadi dola 5,000. Uliza kama jimbo lako linaihesabu shule ya kati kuwa sekondari. Uliza pia wilaya yenyewe. Baadhi yao hulipia masta ya watu wanaoahidi kubaki.

## Hatua ya 6: Maombi

Barua yako ya kujieleza isianze na utoto wako wala na umuhimu wa elimu kwa taifa. Eleza mtoto mmoja uliyemfundisha kitu, alikuwa amekwama wapi, ulibadilisha nini, akaelewa vipi. Kisha sema kwa nini umri huu wa miaka 11 hadi 14. Mwombaji anayesema "napenda watoto wote" hakumbukwi na mtu.

Lugha zako zitaje waziwazi. Shule za Louisville zina watoto wengi wanaozungumza Kiswahili nyumbani, na mwalimu wa hisabati anayeweza kumpigia mama simu bila mkalimani ana kitu ambacho shule haiwezi kukinunua kirahisi.

## Hatua ya 7: Mitihani ya leseni

Majimbo mengi, Kentucky ikiwemo, yanatumia Praxis. Mengine yana mitihani yake: Georgia ina GACE, Texas ina TExES. Mtihani wa hisabati ya shule ya kati katika Praxis una namba 5164, sayansi 5442, Kiingereza 5047, masomo ya jamii 5089. Linganisha namba na ule ukurasa uliouchapisha Hatua ya 1. Matoleo hubadilika, na vitabu vya kujifunzia vya toleo la zamani bado vinauzwa.

Fanya mtihani wa somo mapema, ikiwezekana kabla ya muhula wa kwanza kwisha. Ukianguka unasubiri siku 28 kabla ya kurudia, na kusubiri huko kukiangukia muhula wa mwisho kunaweza kukukosesha ajira ya Agosti.

Jambo moja ambalo karibu hakuna anayewaambia watu wetu: mtu ambaye lugha yake ya kwanza si Kiingereza anaweza kuomba nyongeza ya nusu ya muda katika Praxis. Inaombwa kwa fomu maalumu na kuidhinishwa kabla ya kujiandikisha tarehe. Ni haki yako. Itumie.

Majimbo kadhaa yanadai pia mtihani wa mbinu za kufundisha, PLT, wa darasa la 5 hadi la 9, namba 5623. Ni saa 2, maswali 70 ya kuchagua na manne ya kuandika. Hayo manne yanawaangusha watu waliofundwa insha za kwetu, zenye utangulizi, kiini na hitimisho. Msahihishaji hatafuti insha. Swali likitaka mikakati miwili, andika mkakati wa kwanza na kwa nini unamfaa mwanafunzi huyu aliyeelezwa, kisha wa pili na kwa nini. Taja maneno ya kisa chenyewe. Acha utangulizi wote.

Kuna kitu pia kinaitwa edTPA, jalada la mipango ya somo na video zako ukifundisha. Georgia iliachana nalo 2020, New York 2022. Kama jimbo lako bado linalidai, anza kukusanya ruhusa za wazazi za kurekodi wiki ya kwanza ya mazoezi.

## Hatua ya 8: Mazoezi ya kufundisha

Kentucky unatakiwa saa 200 za uzoefu shuleni kwanza, kisha siku 70 kamili za kufundisha chini ya mwalimu mwenyeji. Siku kamili ni asubuhi hadi watoto waondoke, kwa kawaida bila mshahara. Kwa mtu anayelipa kodi ya nyumba na kutuma pesa nyumbani kila mwezi, hapa ndipo safari hukatika. Nimewaona waliojaribu kufanya kazi ya ghala usiku na kufundisha mchana. Mwili haukubali, na watoto wa miaka 12 huona uchovu wako kabla hujafungua mdomo.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kuweka akiba ya miezi minne tangu muhula wa kwanza, na kuwaambia ndugu mapema kwamba miezi hiyo hakutakuwa na kutuma. Mazungumzo hayo ni magumu, yafanye hata hivyo.

Ya pili, ninayoipendekeza kwa mwenye familia, ni njia ya kazi. Kentucky inaitwa Option 6: unadahiliwa chuoni, unapata shule inayokubali kukuajiri, jimbo linakupa cheti cha muda, unafundisha kwa mshahara wa mwalimu huku ukisoma jioni, na chuo na shule vinakusimamia. Majimbo mengine yana njia zinazofanana kwa majina tofauti. Ugumu wake ni kwamba unakabidhiwa darasa siku ya kwanza. Usiichukue kama hujawahi kukaa ndani ya shule ya Marekani hata kama msaidizi.

### Mambo ya darasani yatakayokushangaza

Heshima tuliyozoea, watoto kusimama mwalimu anapoingia, haipo. Mtoto atakuuliza "kwa nini?" akikutazama machoni. Kwetu huo ni utovu wa adabu, hapa mara nyingi ni swali tu. Jibu kwa utulivu, kwa sauti ya chini, na urudie utaratibu ule ule kila siku. Kiboko hakuna, kofi hakuna, kumvuta sikio hakuna, hata kwa utani.

Jifunze mapema kusoma IEP, mpango wa kisheria wa mtoto mwenye mahitaji maalumu. Mpango huo ukisema apewe muda zaidi, ni lazima apewe. Na ukishuku mtoto anadhulumiwa nyumbani, sheria inakutaka utoe taarifa wewe mwenyewe, hata kama familia hiyo ni ya jamii yetu na mnasali pamoja.

Msimamizi wa chuo atakuja kukutazama mara kadhaa. Anatafuta kuona watoto wakizungumza na kufanya. Mwalimu anayeeleza vizuri ubaoni kwa dakika 40 huku darasa kimya atapata alama ndogo, na walimu wetu wazoefu huumizwa sana na hilo. Punguza maelezo yawe dakika 10, toa kazi ya wawili wawili, zunguka, uliza "umejuaje?"

Utajua umefaulu mwalimu mwenyeji akianza kutoka darasani bila kukuaga.

## Hatua ya 9: Leseni na ajira

Alama za vidole na uchunguzi wa jinai, wa jimbo na wa FBI, vifanye mapema. Kentucky kuna pia barua ya kuthibitisha huna rekodi ya kudhulumu watoto. Jaza kila swali la historia kwa ukweli. Kesi ndogo ya zamani iliyotajwa hujadiliwa. Iliyofichwa humnyima mtu leseni.

Omba leseni kwenye mfumo wa bodi wiki ile ile unayomaliza, kisha ipigie simu ofisi ya leseni ya chuo chako. Bodi haitoi chochote mpaka chuo kithibitishe kwamba umekamilisha programu, na ofisi hizo mwezi Mei huwa zimelemewa. Omba kazi tangu Machi. Wilaya huajiri watu ambao leseni yao iko njiani.

Mwisho ni mshahara. Kentucky mwenye shahada ya kwanza yuko Rank III na mwenye masta ni Rank II, na ngazi hiyo hupanga malipo. Aliyepitia Option 6 huanza chini na kupanda anapomaliza masta, lakini kupanda hakuji kwenyewe: leseni mpya yenye ngazi lazima ifike ofisi ya rasilimali watu ya wilaya. Si kila jimbo linalipa hivi. North Carolina iliacha 2013 kutoa nyongeza ya masta kwa walimu wengi wapya. Miaka uliyofundisha Kenya au Tanzania nayo inaweza kuhesabiwa, ukiwa na barua ya mwajiri yenye tarehe za kuanza na kuacha, somo, na kama ilikuwa kazi ya kutwa. Ipeleke kabla ya kusaini mkataba, na hati ya malipo ya mwezi wa kwanza ikitoka, angalia mstari wa ngazi na mstari wa miaka ya uzoefu kabla hujaangalia jumla.